Baloji Ametuandika Sisi: Kuisikiliza 137 Avenue Kaniama Ikiwa Bado ya Moto

Fungueni madirisha, tafuteni bafle nzito, iteni majirani: albamu kubwa ya mwaka 2018 ni hii, na jina lake ni anwani ya nyumba ya hapa kwetu. 137 Avenue Kaniama. Si Paris, si Bruxelles, wala si Matonge ya Kinshasa. Ni Lubumbashi! Baloji, aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1978 na kupelekwa Ubelgiji akiwa bado mtoto mdogo, amechukua anwani ya mama yake akaiandika juu ya kazi kubwa kuliko zote alizokuwa amezifanya kabla yake. Miaka nenda miaka rudi tumezoea kusikia mji wetu ukitajwa ulimwenguni kwa shaba, kwa kobalti, kwa siasa za kujitenga, na siku za furaha kwa timu ya TP Mazembe. Safari hii tumetajwa kwa namba ya mlango.

Tangu nyimbo zianze kupita kutoka simu hadi simu, sijaweza kusikiliza kitu kingine. Nimezipeleka kila mahali. Nimezisikiliza na fundi wa muziki wa sherehe, na wanafunzi wa chuo kikuu, na mama mmoja wa kwaya, na kijana wa ukoo wetu anayechimba madini Kolwezi, na mzee aliyestaafu kampuni ya madini ya Gécamines. Nitasimulia walivyosema, maana waligombana, na ugomvi wao ni sehemu ya utamu wa albamu yenyewe. Lakini nitangulize langu waziwazi: sijawahi kusikia kazi nyingine ya muziki wa kompyuta inayodai deni la Katanga mbele ya ulimwengu bila kuacha hata dakika moja kutuchezesha.

Kwanza muziki, kwa sababu ndio unaokukamata kabla hujashika neno hata moja. Gitaa ni letu: lile la sebene, jembamba, linalopanda, linazunguka, linarudi palepale likiwa limekolea zaidi. Ila chini yake pamewekwa mashine. Kuna mapigo ya elektroniki yanayogonga kifuani, besi inayotambaa chini kabisa, makofi yaliyokatwakatwa na kompyuta, na juu ya yote sauti ya Baloji mwenyewe, kavu, yenye haraka, mara inasema mara inaimba. Disko imo. Hausi imo. Rapu imo, na rumba imo, na soul ya Marekani imo. Ungetegemea fujo. Hakuna fujo! Kila kitu kimepewa nafasi ya kupumua, na pale unapodhani chombo fulani kimesahaulika, kinarudi kutoka upande usioutazamia.

Angalia pia majina ya nyimbo. Nyingi zina jina mara mbili: L'Hiver Indien / Ghetto Mirador, Bipolaire / Les Noirs, Peau de Chagrin / Bleu de Nuit. Hilo si pambo la maandishi. Wimbo unaanza katika hali moja, unakuzoesha, unakufanya utikise kichwa, halafu katikati ya safari unageuka. Mapigo yanabadilika, mwanga unabadilika, sauti iliyokuwa ikibembeleza sasa inashtaki. Fundi wa sherehe niliyemsikilizisha anafanya kazi ya kushona wimbo mmoja na mwingine kila Jumamosi, harusi baada ya harusi. Yeye ndiye aliyeng'amua mara moja kwamba Baloji amekwisha ifanya kazi hiyo ndani ya wimbo mmoja. Alisimama, akazungusha kitufe cha besi, akasema: "Yaya, hii ngoma itapasua bafle yangu!" Na akairudisha mwanzo.

Wasiomjua mtu huyu wanahitaji maelezo machache. Baloji alikulia Ubelgiji, upande wa Liège, akaanza ujana wake katika kundi la rapu la Starflam, mojawapo ya makundi makubwa ya nchi ile. Baadaye akaliacha na karibu aache muziki wote. Kilichomrudisha ni barua. Mama yake, ambaye hawakuwa wamewasiliana kwa takriban miaka ishirini na mitano, alimwandikia kutoka huku. Jibu lake lilikuwa albamu nzima, Hotel Impala, iliyotoka mwaka 2007 na kupewa jina la hoteli iliyokuwa ya baba yake. Kisha akaenda Kinshasa, akarekodi Kinshasa Succursale pamoja na wanamuziki wa pale. Humo kuna Karibu ya Bintou, aliyoifanya na kundi la Konono No. 1, na humo kuna Le Jour d'Après / Siku ya Baadaye, wimbo alioujenga juu ya Indépendance Cha Cha, ile aliyoitunga Grand Kallé na African Jazz yake Bruxelles mwaka 1960 wakati wa mkutano wa meza ya duara. Baloji aliirudia miaka hamsini baadaye, nchi iliposherehekea yubile yake, akiuliza tumefanya nini na uhuru ule. Mwaka 2015 ikafuata kazi fupi, 64 Bits and Malachite: kompyuta na jiwe la kijani la Katanga katika jina moja. Ukiziweka kazi hizo mfululizo unaona kwamba amekuwa akitembea kuelekea nyumba hii ya Kaniama kwa zaidi ya miaka kumi.

Sasa turudi kwenye usikilizaji wenyewe. Nilianza na Soleil de Volt, na ningemshauri kila mtu aanze nayo. Ni wimbo wa kucheza, hakuna mjadala; gitaa linawaka tangu mwanzo, na ngoma ya disko haikupi nafasi ya kukaa. Lakini fikiria jina hilo, jua na volti, likisikilizwa katika mji ambao mchana kutwa jua linatupiga na jioni delestaji, ule mkato wa umeme, inatuachia mishumaa! Tunaishi juu ya shaba iliyopeleka umeme katika majumba ya mabara mengine, na bado mtoto wa mtaa wetu wa Katuba anasoma kwa tochi ya simu. Nilipoupiga wimbo huo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Watu walicheza, na wakiwa wanacheza walianza kuitaja SNEL, kampuni ya umeme. Huo ndio ufundi wa Baloji: hakuhubirii. Anakupa mwili wa furaha, hasira unaileta mwenyewe kutoka nyumbani kwako.

Mzee wa Gécamines hakucheza. Alikaa, akashika fimbo yake, akasikiliza gitaa tu. Nilidhani atakasirikia zile mashine, kwa maana wazee wengi husema kwamba kompyuta imeua muziki. Mzee alisema kinyume chake. Alisema, mwanangu, haya si mageni. Akaanza kunihesabia: Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, ambaye mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, akipiga Masanga kwa vidole ambavyo hadi sasa wapiga gitaa wa dunia wanajaribu kuvifuata; kisha Edouard Masengo, na Losta Abelo. Gitaa lenyewe, alisema, lilikuja na reli na migodi. Watu waliletwa hapa kutoka Kasai, kutoka Rwanda, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, wakawekwa katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière, na kila mmoja alileta wimbo wake. Muziki wa Lubumbashi ulikuwa mchanganyiko tangu siku ya kwanza kwa sababu mji wenyewe ni mchanganyiko tangu ulipoanzishwa mwaka 1910.

Maneno yale yameniganda. Maana ukiitazama historia ya vyombo vyetu, utaona jambo la ajabu. Karindula, hili banjo kubwa la huku kwetu linalotikisa misiba na sherehe za mitaani, mwili wake ni pipa la mafuta lililofungwa ngozi ya mbuzi. Kampuni ya rekodi ya Crammed Discs ilipotoa rekodi za karindula za Lubumbashi mwaka 2011, wasikilizaji wa Ulaya walishangaa ukubwa wa sauti ile; sisi tulijua zamani kwamba pipa likiisha kazi ya kampuni linaanza kazi ya kuimba. Kule Kinshasa, Mingiedi wa Konono alitengeneza maikrofoni za likembe kwa sumaku za magari mabovu. Kwa hiyo anayesema kwamba muziki wa elektroniki wa Kiafrika ni kuiga wazungu, aje mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo hapa Lubumbashi, atazame. Tumekuwa tukifanya muziki kwa mabaki ya viwanda vizazi na vizazi. Kompyuta ya Baloji ni pipa la sasa. Na kobalti iliyomo ndani ya betri yake imetoka wapi?

Hapo ndipo siasa inapoingia kwa nguvu, na hapo ndipo wasikilizaji wangu walipoanza kugombana.

Spotlight ni wimbo wa vioo vya simu, wa watu wanaoishi kwa mwanga wa vioo hivyo na kutaka kuonekana ndani yake. Ulaya unaweza kusikilizwa kama wimbo wa desturi mpya za vijana. Huku hauwezi kubaki hapo. Mwaka 2018 bei ya kobalti ilipita dola 90,000 kwa tani. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, Haut-Katanga na Lualaba. Tarehe 9 Machi mwaka huo Kabila, rais wa wakati ule, alitia sahihi kanuni mpya ya madini iliyoruhusu ada ya hadi asilimia 10 juu ya madini yatakayotangazwa kuwa ya kimkakati, na makampuni makubwa yalipiga kelele kweli. Na hapo nyuma, mwaka 2014, UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa nchi. Kila kioo kinachowaka kwenye wimbo ule kina mkono wa mtu nyuma yake, na mkono ule tunaujua. Wengine tunaupa chakula jioni.

Kijana wetu wa Kolwezi, mkrezeri, yaani mchimbaji wa mkono, aliusikiliza Spotlight akiwa ameshika simu yake mwenyewe yenye ufa. Kifaransa cha haraka namna ile hakukishika chote. Swali lake halikuwa juu ya maneno. Aliuliza: huyu mwimbaji, anapoimba simu, anajua jiwe linapimwaje? Anajua kwamba mnunuzi ana mashine ya kupima na wewe huna, na anakwambia asilimia anayotaka yeye? Nilimweleza kuhusu 64 Bits and Malachite, kwamba mtu huyu ameufikiria uhusiano wa kompyuta na jiwe kwa miaka kadhaa. Kijana alifikiri, akasema basi wimbo ujao uwe wa mizani. Mimi nalichukua wazo hilo kama ombi rasmi. Baloji, ukipata kusoma haya: wimbo wa mizani, tafadhali.

Wanafunzi walikuwa wakali zaidi. Mmoja wao, binti wa sheria, alisema albamu inazunguka. Nchi inawaka, alisema. Uchaguzi ulikuwa umeahirishwa tangu 2016 na wakati ule tulikuwa tumeahidiwa Desemba 23, 2018. Desemba 31, 2017, kisha Januari 21 na Februari 25, 2018, Wakristo waliandamana wakipigwa risasi na gesi. Serikali ilikata intaneti tusionyeshane picha. Na msanii mwenye jukwaa la dunia anatuletea mafumbo ya Kifaransa. Atataja majina lini? Mwenzake alimjibu palepale kwamba anayetaja majina leo kesho hapigwi redioni, na wimbo usiopigwa haumfikii mtu. Wakabishana hadi chai ikapoa.

Mimi nasimama na albamu, kwa moyo wote. Si kwa sababu hofu ni hoja nzuri, bali kwa sababu nimesikia kile kinachofanywa na mafumbo haya. Chukua Glossine (Zombie). Glossine ni mbung'o, nzi anayeleta malale, na kila msikilizaji anayelikumbuka jina la Fela na Zombie yake ya miaka ya sabini anajua zombi wa Lagos alikuwa askari. Kwa Baloji usingizi umetuingia wote, raia na mkubwa, na muziki unaouelezea usingizi huo ni mkali kiasi kwamba huwezi kusinzia! Unachezeshwa na wimbo unaokwambia kwamba umelala. Jina la waziri lingechakaa baada ya mabadiliko ya serikali. Kuumwa na mbung'o hakuchakai.

Na mafumbo yana faida nyingine: kila mji unayafungua kwa ufunguo wake. Kuna wimbo unaoitwa Ensemble / Wesh. Huku kwetu, mwezi Machi 2018, mwanasiasa wa upinzani Moïse Katumbi akiwa uhamishoni alizindua Johannesburg muungano wake aliouita Ensemble pour le changement. Basi unaweza kuwazia! Nilipotaja jina la wimbo tu, watu wawili walinitazama na mmoja akainuka kufunga mlango. Mimi sisikii chama chochote ndani ya wimbo huo. Ninachokisikia ni mtu anayelipima neno "pamoja" kama mfanyabiashara wa soko la Mzee anavyopima noti ya dola, akiishika juu ya mwanga kuona kama ni halali. Lakini kwamba wimbo uliotengenezwa Ubelgiji unaweza kumfanya mtu wa Lubumbashi ainuke kufunga mlango, hilo linanitosha kusema kwamba una siasa.

Bipolaire / Les Noirs nao umetugawa, ila kidogo. Unazungumza juu ya weusi wetu, jinsi tunavyotazamwa na jinsi tunavyojitazama, na waliowahi kuishi Ulaya waliuelewa haraka kuliko sisi. Sitaki kuuharakisha. Nitausikiliza tena na tena.

Peau de Chagrin / Bleu de Nuit ni wimbo wa mapenzi, na ni mzuri mno. Uwekeni kwenye harusi.

Lakini sasa nifike kwenye chumba cha ndani kabisa, pale ambapo nilisimamisha simu na kukaa kimya kabla ya kuweza kuendelea. La Dernière Pluie / Inconnu à cette adresse. Ni wimbo mrefu. Baloji anarudi kwa mama yake, kwenye barua, kwenye anwani, kwenye siku ya kuonana. Amekwisha simulia katika mahojiano kwamba siku ile hapa Lubumbashi haikuwa ya sinema. Yeye alikuja na maswali yake ya miaka yote na albamu aliyoitunga kwa ajili yake. Mama alikuwa na maisha ya huku, na mahitaji ya huku, na matarajio ambayo kila mama wa huku anayo juu ya mtoto aliyetoka Ulaya. Wawili hao walisimama wakitazamana, na kila mmoja alikuwa akimdai mwenzake kitu ambacho mwenzake hana.

Nani kati yetu haijui siku hiyo? Nani hana kaka au shangazi aliyeshuka uwanja wa ndege wa Luano akakuta ukoo mzima umesimama, na furaha ikaanza kugeuka hesabu kabla hata ya sahani ya bukari kuwekwa mezani? Tunalizungumza jambo hili kwa minong'ono, jikoni, baada ya mgeni kulala. Baloji ameliimba kwa sauti kamili, juu ya mapigo ya umeme, mbele ya ulimwengu.

Na hapa ndipo naona siasa ya albamu hii ilipokaa, kuliko katika nyimbo zake zote za mtaani. Weka ndani ya chumba kimoja mtoto aliyelelewa Ubelgiji na mama aliyebaki Katanga. Umeiweka humo karibu miaka themanini ya mkoloni, na miaka yote ya uhuru, na mabehewa yote ya shaba yaliyopita kwenda baharini. Mtoto anataka kujua kwa nini aliondoka. Mama anataka kujua amerudi na nini. Hayo ni mazungumzo ambayo nchi mbili hazijawahi kukaa chini kuyafanya, na hapa yanafanywa na watu wawili wa damu moja, bila balozi, bila mkalimani. Binti wa sheria aliyekuwa akidai majina alisikiliza hadi mwisho. Hakusema kitu. Alichukua simu yangu, akajitumia wimbo.

Mama wa kwaya ndiye aliyenishangaza. Nilijua angeusikiliza kwa huruma ya kijana, kwa sababu sote tulikuwa tukimhurumia kijana. Yeye alikuwa upande wa mama tangu mwanzo. "Huyu mtoto anasema na mama yake mbele ya watu," alisema, na hakulisema kwa kumsifu. Alitaka kumsikia mwanamke wa Kaniama mwenyewe. Barua ile aliyoiandika, alisema, ndiyo wimbo wa kwanza. Bila barua hakuna Hotel Impala, hakuna hii, hakuna chochote. Yeye mama alimtafuta mwanawe alipokuwa amepotea, na leo anwani yake inauzwa madukani Uingereza. Nilimjibu kwamba kuiandika anwani yake juu ya albamu ndiyo heshima kubwa ambayo mwanawe angeweza kumpa. Akaniambia: heshima ndiyo, mwanangu, lakini je, nyumba imepigwa rangi?

Nimeliwaza neno lake. Halipunguzi upendo wangu kwa albamu, linaupanua. Kazi dhaifu isingeweza kubeba msikilizaji wa namna ile, anayesimama upande wa pili wa wimbo na kudai kusikilizwa. Hii inambeba. Ina nafasi ya mama kukataa.

Malalamiko ya kweli ni mawili, na yote nayakubali kwa kiasi. La kwanza ni lugha. Kifaransa kimejaa, na ni Kifaransa cha mtu anayependa vitabu, kilichosukwa, chenye michezo mingi ndani yake. Mtu aliyekuwa ametupa nyimbo kama Nakuenda na Siku ya Baadaye huko nyuma ametuzoesha kutegemea Kiswahili zaidi, na albamu yenye jina la mtaa wetu ingeweza kuzungumza lugha ya mtaa wetu kwa muda mrefu zaidi. Fundi wa sherehe hakujali. Alisema gitaa linazungumza Kiswahili tosha. Kijana wa Kolwezi alijali sana, na yeye ndiye ninayemsikiliza katika hili. La pili ni urefu. Ni zaidi ya saa nzima ya muziki mzito, na wenye mega chache kwenye simu watapata nyimbo mbilimbili, wakazikosa zile za mwisho ambazo ndizo roho ya kazi. Kwa hiyo nawaomba wenye fleshi: msikate. Nakilini yote, kwa mpangilio wake.

Na sasa nina ombi moja kwa yeyote mwenye uwezo wa kuandaa tamasha. Kwa miaka kadhaa Baloji alizunguka majukwaa ya Ulaya na bendi aliyoiita Orchestre de la Katuba, yenye gitaa la mkongwe Dizzy Mandjeku aliyepitia OK Jazz ya Franco. Katuba! Commune yetu, jina lake likipigiwa makofi na watu ambao hawangeweza kuionyesha kwenye ramani. Basi ileteni. Msiifungie katika ukumbi wa Halle de l'Étoile kwa wageni mia waalikwa na glasi mkononi, ingawa Halle imetutendea mema mengi. Iwekeni uwanja wa wazi, jioni, kiingilio cha bei ya chupa ya bia ya Simba, na wapiga karindula wafungue kabla yake. Waiteni wakrezeri, waiteni wanafunzi, na kiti cha mbele kabisa mpeni mama wa kwaya, ana swali la rangi ya nyumba. SNEL ikikata umeme Soleil de Volt ikiwa katikati, msihangaike. Jenereta tutaleta sisi.